Chupa tatu za Vouvray: nianze na ipi?

SWALI: Shemeji yangu ameniletea chupa tatu za mvinyo mweupe wa Vouvray kutoka shamba la familia moja huko Ufaransa. Zimeandikwa sec, demi-sec na moelleux. Tutazionja na sato wa kukaanga. Tufanyeje? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Zote tatu ni zabibu ya Chenin Blanc. Kinachotofautiana ni sukari iliyobaki: sec ni kavu, demi-sec ina utamu kiasi, moelleux ni tamu hasa. Fuateni mpangilio huo huo. Mkianza na tamu, kavu itaonekana chachu kama ndimu, na mtaidharau bure.

Joto la Mwanza ndilo adui mkubwa. Ziwekeni kwenye friji kwa muda wa saa tatu, kisha toeni chupa dakika 15 kabla ya kumimina. Mnalenga nyuzi 8 hadi 12. Baridi ikizidi, harufu hufa, na harufu ndiyo nusu ya mvinyo huu. Umeme ukikatika, ndoo ya maji yenye barafu hutosha kwa dakika 25.

Mimineni mililita 50 tu, katika glasi iliyobana juu. Zungusheni, nuseni, ndipo mnywe. Harufu ya boksi lililolowa maana yake kizibo kimeharibu mvinyo. Hakuna dawa, fungueni nyingine. Vijiwe vyeupe chini ya chupa havidhuru.

Sato mpeni sec. Kachumbari yenye pilipili inataka demi-sec.