Ukialikwa Kermesse Parokiani, Beba Noti Ndogo

Jumapili moja baada ya Sabasaba nilipanda bajaji kutoka Mafiati kwenda kula chakula cha Kifaransa kanisani. Nilirudi na kuku wawili, ulimi ulioungua na deni kwa shemeji. Nasimulia ili wewe urudi na kuku tu.

Huko Ufaransa, kermesse ni sikukuu ya shule au parokia. Za shule hufanyika zaidi mwezi Juni, kabla ya likizo ndefu: watoto wanacheza, wazazi wanapika na kuuza, kinachopatikana kinaingia mfuko wa shule. Parokia hii ilikuwa inatafuta madawati. Mwalimu wa Kifaransa akatoa wazo, na kwa kuwa 14 Julai ni siku ya taifa ya Wafaransa, vitambaa vya bluu, vyeupe na vyekundu vikatundikwa kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye mparachichi.

Fika mara tu misa ya pili inapotoka. Mimi nilifika saa nane, foleni ya krepu ikiwa imezunguka ukumbi. Krepu ni chapati za maji zilizokwenda shule: unga wa ngano, mayai, maziwa, siagi kidogo, uji mwepesi kuliko wetu unaoachwa utulie kama saa nzima, halafu unatandazwa kwenye kikaango hadi uwe kama karatasi. Juu sukari na limau. Bibi mmoja mbele yangu aliinua yake juu akaitazama. "Mwanangu, hii mmeinyima unga?" Akala tatu. Mimi sikusubiri ipoe, ndiyo habari ya ulimi.

Na uvae sweta. Ni Julai, ni Mbeya, sina la kuongeza.

Usione haya kucheza. Kulikuwa na makopo ya kuangusha kwa mpira wa matambara, ambapo mabinti waliokulia kwenye rede walitufedhehesha watu wazima. Kulikuwa pia na petanque. Unasimama ndani ya duara, miguu pamoja, unarusha tufe la chuma lilale karibu na kijipira cha mbao. Anayefikisha pointi 13 ameshinda. Sisi tulitumia machungwa mabichi. Mwalimu alipoeleza kwamba kile kijipira kinaitwa cochonnet, yaani kitoto cha nguruwe, wapenzi wa kitimoto walicheka mpaka mchezo ukasimama. Aliyetamka vizuri kuliko wote alikuwa dereva wa lori la Lubumbashi. Kifaransa chetu huku kinapita Tunduma, siyo Paris.

Sasa mnada, maana hapo ndipo fedha ilipo. Krepu na makopo ni chambo tu, na sisemi kwa ubaya. Katekista alishika mkate mrefu wa bageti kama fimbo ya uchungaji: "Elfu kumi, mara ya kwanza!" Aliyeununua akaurudisha, ukauzwa tena, na tena. Mkate mmoja ulilipiwa mara nne na hakuna aliyeumega. Nami, krepu zikiwa zimenipanda kichwani, nikajikuta nashindania kuku wawili na mzee mmoja wa jumuiya ya jirani, kiasi ambacho sokoni kingenunua watano.

Mfukoni nilikuwa na noti moja ya elfu kumi. Nikatoa simu. Watu wote walikuwa wametoa simu. Mtandao ukagoma, katekista ananisubiri, kuku wanapiga kelele, mzee anatabasamu. Shemeji akanivuta pembeni. "Shem, shika hizi. Tutaongea nyumbani."

Kwa hiyo panga kiasi chako ukiwa bado nyumbani, kitoe kabla ya misa, kiwe cha elfu mbili mbili na elfu tano tano, kisha kigawe: kidogo cha kula, kidogo cha michezo ya watoto, kikubwa kisubiri mnada. Na Jumapili inayofuata usikimbie kabla ya matangazo, kwa sababu hesabu husomwa hapo. Mimi nilibaki. Seremala alikuwa amekwishalipwa malipo ya awali, nikajisikia vizuri kiasi cha kusahau deni hadi getini.

Kuku mmoja ameanza kutaga. Shemeji anasema mayai ni yake hadi hesabu itimie.