Kura inapigwa, imekosa nini?

Mama mmoja wa Ibanda, mjini Bukavu, Kongo, ananiandikia kwamba binti yake wa miaka sita alisikia redioni habari za kupiga kura, akauliza: "Mama, juu ya nini banaipiga? Ilifanya nini?" Mama anataka kujua kama ni afadhali amwambie mtoto "kuchagua", au "kuvota" kama wengi wanavyosema mjini.

Mama, anza na hilo la kupigwa, usilipite. Mtoto huyo anajua tayari kwamba simu inapigwa, picha inapigwa, magoti yanapigwa, na hakuna anayeumia. Kura nayo ni hivyo hivyo.

"Kuvota" sikukatazi. Tumelitoa kwenye Kifaransa na nyumbani linaeleweka. Ila kwenye vitabu na redio za Kiswahili atakutana na "kupiga kura", kwa hiyo mpe yote mawili.

Penye kazi ni "kuchagua". Sisi wakubwa tunasema "mimi nilimchagua fulani" na tunaelewana. Kwa mtoto, kuchagua ni kile anachokuona ukifanya soko la Kadutu: unaonyesha nyanya unayoitaka, inaingia kikapuni, basi. Ukimwambia "mama amechagua rais", kisha akasikia rais ni mwingine, atadhani mama ameibiwa. Mtenganishie mapema: mtu mmoja anapiga kura, watu wote pamoja ndio wanaochagua. "Mama alimpigia kura huyu, lakini wengi walimpigia yule, kwa hiyo yule ndiye aliyechaguliwa." Hapo -pigia ndiyo inayoonyesha kura ilikwenda kwa nani. Ukisema "nimepiga kura" tu, jina linabaki kwako, na una haki hiyo hata mbele ya mwanao, maana kura ni siri.

Kisha mweleze mikono inafanya nini. Kwenye uchaguzi wa Desemba 2023, mpiga kura alionyesha kadi yake, akapewa karatasi, akaiingiza kwenye mashine, akagusa picha ya mgombea, karatasi ikatoka imechapwa. Akaikunja, akaitumbukiza sandukuni. Mtoto akishajua karatasi hiyo ndiyo kura, ataelewa pia kwa nini tunasema kura zinahesabiwa.

Jiandae kwa jambo moja la kanisani. Katika Matendo ya Mitume 1:26 kura inamwangukia Mathiya, awe mtume badala ya Yuda, na hakuna sanduku wala mgombea anayeomba kura. Hiyo ndiyo maana ya zamani ya neno hili, tulilolipata kwa Waarabu: kitu cha kuamulia jambo bila mtu kupendelea upande. Akiuliza, mwambie kura ile ilimwangukia mtu, hii ya leo mtu anampa amtakaye.

Na akitaka kujua zamu yake ni lini, kwa sheria ya Kongo ni akifikisha miaka 18. Mwambie "utapiga kura". Usimwambie "utachagua rais".