Kabla Hujalilia Kundi Lililokutoa

Juzi binti wa miaka 15 aliniandikia: "Dada, wenzangu wamenitoa kwenye kundi la WhatsApp. Wanasema nawaaibisha kwa ninavyovaa. Nifanye nini wanipende tena?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Kidonda alichokigusa ni changu.

Nilipokuwa na umri wake nilikuwa na rafiki wa tangu utotoni. Tuliimba kwaya, sauti ya pili, tukitumia kitabu kimoja cha nyimbo. Alikuwa na sweta moja tu, la kijivu, lililotoboka kiwiko cha kulia. Kila alipofungua ukurasa, kiwiko kilichungulia. Siku moja wasichana niliokuwa nikijipendekeza kwao walilicheka lile sweta. Nami nikacheka. Aliniangalia, akashusha mkono, akaendelea kuimba. Wiki iliyofuata nikahamia upande wao.

Nisiwadanganye, ule mwaka niliufurahia. Nilipendeza, na nilijua kwamba napendeza.

Halafu mmoja wao akaonekana na kijana mahali asipopaswa kuwa, na alipobanwa akataja jina langu. Wote watano walijua ukweli, wote watano wakanyamaza. Nikasimamishwa kwaya. Watu wazima waliokuwa wakiniita "mwanangu" wakawa wananisalimia kwa ncha za vidole. Hakuna aliyewahi kuniomba radhi. Nimewasamehe (kila nikiona picha zao inabidi nianze upya, lakini nimewasamehe).

Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma, natetemeka, sijui kwa baridi au kwa aibu. Katikati ya ibada rafiki yangu akatoka kwenye safu ya waimbaji, akaja kuketi kando yangu, akavua sweta akanifunika mabegani. Hakusema neno.

Someni 1 Samweli 18. Yonathani, mtoto wa mfalme, anavua joho lake na kumpa Daudi aliyetoka kuchunga kondoo, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Mahubiri mengi kuhusu mavazi huishia kwenye 1 Petro 3, kusuka nywele na kuvaa dhahabu, kana kwamba dhambi imejificha kwenye kitambaa. Mabinti ninaowafundisha sasa nawauliza jambo jingine: nguo yako inakusogeza kwa nani, na inakutenga na nani? Chana nywele, jipake mafuta, pendeza. Lakini ukianza kuona haya kusimama na mtu kwa sababu ya kiwiko chake, umeshaugua.

Na jina? Mithali 22:1 inasema heri jina jema kuliko mali nyingi, nami naamini. Ila Yusufu naye alichafuliwa jina, tena vazi lake mwenyewe ndilo lililoshikwa kuwa ushahidi. Akafungwa kwa kosa asilotenda, na Mwanzo 39 inasema Bwana alikuwa pamoja naye humo humo gerezani. Usikimbizane na kila mdomo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiwabembeleze wakurudishe. Jiulize kwanza kama yupo uliyemwacha ulipokuwa unawakimbilia wao. Kama yupo, nenda kwake leo, na usiende na maelezo marefu.

Mimi sweta nililirudisha baada ya wiki mbili, kiwiko nimekishona kwa uzi mweusi kwa kukosa wa kijivu. Akakikagua kile kiraka, akacheka, akalivaa hivyo hivyo.