Mashine pekee haiwezi kukunyima kibali
Ndugu, mnauliza kama kompyuta ya kaunti yaweza kukunyima kibali. Hapana, hata kaunti ikianza kutumia akili unde (AI) kukagua maombi ya vibali vya ujenzi, mtambo hauwezi kukukatalia halafu mambo yakaishia hapo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinakulinda usiamuliwe na mtambo peke yake kwa jambo linalokuathiri pakubwa. Ukiamuliwa hivyo, lazima ujulishwe kwa maandishi, nawe waweza kudai uamuzi uangaliwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mtambo tu. Kuna hali ambapo mtambo waruhusiwa kuamua peke yake, mfano ukiwa umeridhia mwenyewe, kwa hivyo someni fomu kabla ya kutia sahihi, tafadhalini sana.

Vyama vya wakaazi, iwe Tudor au Likoni kule Mombasa, viangalie hili: haki hiyo ni ya mtu binafsi, si ya chama. Barua ya kudai uamuzi uangaliwe upya iandikwe kwa jina la aliyeomba kibali. Chama kikitaka kuuhoji mfumo wenyewe, kipeleke ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu.