Kabla ya Kusasisha Nodi, Jifunze Kuizima

Vijana wanaoanza kuendesha nodi ya Bitcoin (kompyuta inayohifadhi na kukagua kumbukumbu za sarafu hiyo ya kidijitali) hapa Kisumu huniuliza jinsi ya kuweka toleo jipya. Jinsi ya kuizima ile ya zamani hawaulizi, na hapo ndipo data huharibikia.

Bitcoin Core, programu inayoendesha nodi hiyo, hushikilia hesabu nyingi kwenye RAM kabla ya kuziandika diskini. Ukishatoa amri ya stop, iache imalize. Kwa diski ya kuzunguka huenda ikachukua dakika kadhaa, fuatilia debug.log, faili ambamo programu huandika inachofanya, mpaka iandike kwamba imekwisha kuzima. Mnaotumia Docker, yaani mnaoiendesha programu ndani ya kontena, muwe macho zaidi: msipobadilisha mpangilio, docker stop husubiri sekunde 10 tu, kisha huiua programu. Ongezeni muda huo. Data ikivurugika, huenda ukalazimika kukagua upya bloku zote (mafungu ya miamala) tangu Januari 2009, na kwa kompyuta ndogo hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Huku ziwani mvua ya radi hupenda kuja alasiri na jioni, na stima hupotea nayo. Fanyeni kazi hii asubuhi. UPS (betri ya akiba) hata ndogo inatosha, mradi ikupe nafasi ya kuzima kwa utaratibu.

Programu ipakue kutoka bitcoincore.org, ulinganishe na faili ya SHA256SUMS, yenye alama za utambulisho za programu halisi, ukague na saini zake za kidijitali. Kiungo kilichotumwa kwenye grupu la WhatsApp, hata na rafiki, kiache. Hifadhi nakala ya walleti (faili ya funguo za sarafu zako), soma maelezo ya toleo, maana baadhi ya matoleo hayakuruhusu kurudi nyuma kwa urahisi.

Je, ukimbilie kila toleo siku ile ile? Mimi sikimbilii. Lakini toleo la Bitcoin Core 0.16.3 la Septemba 2018 halikuwa la kungojea: liliziba tundu ambalo lingeweza kuangusha nodi, hata kuruhusu sarafu kuundwa kutoka hewani. Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, nayo ina mambo yake. Mabadiliko ya kanuni za mtandao huo yaitwayo Pectra yalianza tarehe 7 Mei 2025, saa saba na dakika tano mchana kwa saa zetu, na nodi ambayo haikuwa imesasishwa iliachwa nje. Tena huko nodi moja huhitaji programu mbili, kwa mfano Geth ya kutekeleza miamala na Lighthouse ya makubaliano ya mtandao. Kusasisha moja ukasahau nyingine ni sawa na kutosasisha.

Ukishaiwasha nodi yako ya Bitcoin, linganisha namba ya bloku ya mwisho na ya nodi ya mwenzako. Ikiwa nyuma kidogo, ipe muda. Ikiganda kabisa, rudi kwenye debug.log kabla hujafuta chochote.