Sigara Huuzwa Moja Moja, Dawa ya Kuiacha Haiuzwi Hivyo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mvutaji wa miaka mingi anayetaka kuacha sigara hukwamishwa na nini?" Najua wengi watawajibu kwamba hukwamishwa na kukosa nia. Mimi ni fundi wa mbao katika soko la Gikomba, Nairobi. Nilianza kuvuta nikiwa kijana anayefunzwa kazi papo hapo sokoni, na papo hapo sokoni ndipo ninapojitahidi sasa kuishi bila sigara. Jibu langu ni kwamba tunakwamishwa na namna inavyouzwa. Sigara unaipata moja, kwa sarafu chache, hatua kumi kutoka meza yako ya kazi. Dawa ya kuiacha unaipata kwa pakiti nzima, katikati ya jiji, kwa pesa ambazo fundi anayelipwa kwa siku hazishiki zote kwa mkupuo.

Nianze na hilo la nia kwa sababu linaniuma. Mzee aliyenifundisha kushika randa alitaka kuacha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kifua kilikuwa kimembana hata kupanda kutoka Gikomba hadi stendi ya Muthurwa kukawa safari ya kusimama na kupumua, kusimama na kupumua. Jumapili aliombewa kanisani na yeye mwenyewe akiomba kwa machozi. Jumatatu saa nne, sarafu zikiwa mfukoni, mama wa kibanda angemwita, "Mzee, leo huchukui?" Mama yule hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatafuta karo. Lakini mzee alichukua. Tulimzika akiwa bado anataka kuacha. Mtu akiniambia mzee yule hakuwa na nia, siwezi kukubaliana naye.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza waziwazi biashara hiyo ya sigara moja moja. Sigara hazipaswi kuuzwa nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isiwe na sigara chini ya kumi. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2014, zilizotaka picha za maradhi zichapishwe kwenye pakiti. Kesi ya kuzipinga ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikatupwa Novemba 2019. Yaani nchi hii ilizipigania picha hizo kwa miaka, na ninawashukuru waliozipigania. Ila fundi wa Gikomba hazioni. Pakiti hukaa kwa muuzaji, kwenye karai la peremende na njugu. Mnunuzi hupewa fegi moja mkononi na kuazimwa laita iliyofungwa kwa uzi. Mapafu yaliyooza na mdomo wenye saratani vinabaki upande wa muuzaji.

Kuna jambo jingine katika huo uuzaji wa moja moja. Pakiti nzima humlazimisha mtu kuamua. Anatoa pesa zinazoonekana, anajua zingenunua unga na maziwa, anaamua. Fegi moja haimdai uamuzi wowote. Kila moja inaweza kuwa ya mwisho, na kwa sababu hiyo haipatikani ile ya mwisho. Wapo watakaosema kununua moja moja humsaidia mtu kupunguza. Huenda wapo waliosaidika. Kwetu nimeona kinyume chake: mtu hajui kwa siku amevuta ngapi, kwa kuwa hakuna pakiti ya kumhesabia, na ukijumlisha alizonunua kibandani na mivuto aliyopewa na wenzake, ni nyingi kuliko anavyomwambia mkewe.

Sasa mwili nao. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu aitamani, hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta, na kiasi kilichomo damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ndiyo maana fundi aliyevuta saa mbili asubuhi, ikifika saa nne akili yake inaanza kukizunguka kibanda. Ndiyo maana pia fegi ya alfajiri ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa usiku kucha mwili umeisubiri. Tunasema tunavuta ili kupunguza mawazo. Sehemu kubwa ya mawazo hayo imeletwa na ile fegi iliyotangulia. Watafiti waliowafuatilia watu walioacha wameona kwamba wiki kadhaa zikipita, wasiwasi na huzuni hupungua kuliko walipokuwa wakivuta.

Tatizo ni hizo wiki za kufika huko. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi: hasira bila sababu, usingizi haba, njaa, na akili isiyotulia mahali pamoja. Kwa mtu wa ofisini huenda ni barua iliyokosewa, ataiandika upya. Kwangu ni mbao. Unapima mara mbili, unaweka alama, na bado msumeno unapita upande usiofaa. Mbao ya mkangazi ikikatwa fupi, hasara ni ya fundi, na mteja aliyelipa arbuni ya kabati lake hatasikia habari za nikotini. Fegi moja inagharimu kidogo kuliko kosa moja la msumeno. Nimeona mafundi wazuri wakirudi kibandani kwa hesabu hiyo, na hesabu yenyewe si ya kijinga. Ukitaka mtu wa kazi za mikono aache, lazima umpe kitu cha kumshikilia siku zile akili inapotawanyika, la sivyo unamwambia achague kati ya mapafu yake na ujira wa leo.

Kitu hicho kipo. Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na plasta za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku: nikotini hizo za badala, vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri wa mtu kwa mtu. Nikotini ya badala huongeza uwezekano wa kufaulu kwa takriban asilimia 50 hadi 60 ukilinganisha na kujikaza mtupu. Haina moshi, wala lami, wala ile hewa ya kaboni inayonyang'anya damu oksijeni. Mwenye simu anaweza pia kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, akazungumza na mshauri.

Nilipokwenda kuitafuta chingamu hiyo nilielekezwa duka la dawa katikati ya jiji, nikatajiwa bei ya pakiti. Nikauliza kama wanaweza kunikatia chache za kuanzia. Hawakuweza. Duka hilohilo lilikuwa likimkatia kwa mkasi mtu aliye mbele yangu tembe mbili za kichwa. Nilirudi kazini nikiliwazia hilo mchana kutwa. Katika mji huu kila kitu kimepimwa kulingana na mfuko wa mtu wa kawaida: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya robo kilo, tembe mbili, fegi moja. Chingamu ya kuachia sigara peke yake ndiyo inayodai uje na pesa za wiki.

Hatimaye tuliinunua kwa kuchangishana, mafundi kadhaa wa karakana yetu, tukagawana kadi. Kwa kuwa karatasi ya maelezo ilikuwa moja na ilipotea upesi, niseme hapa namna inavyotumika, kwani wengi huitafuna kama peremende kisha husema haifai. Unaitafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, halafu unaacha kutafuna na kuibana kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha unatafuna tena kidogo na kubana upande wa pili. Nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo. Ukiimeza na mate inakwenda tumboni kuleta kwikwi na kiungulia. Anayevuta fegi ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka huhitaji ile ya miligramu 4, wengine ya 2. Na usinywe chai, kahawa wala soda robo saa kabla ya kuiweka mdomoni wala ikiwa mdomoni, kwa sababu uchachu wa vinywaji huizuia nikotini kupenya.

Hapo kwenye chai ndipo mafundi wengi huanguka bila kujua. Moshi wa sigara hulifanya ini lichome kafeini haraka. Mtu akiacha kuvuta, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile alivyozoea vinaacha kafeini nyingi zaidi damuni. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi unakimbia, naye anadhani ni arosto, yaani mwili kuidai sigara. Siku za kwanza patasi ilinicheza mkononi. Mwuguzi mmoja aliyekuja karakana kuchukua meza yake ndiye aliyenieleza, akanishauri nipunguze chai na kahawa kwa nusu. Nilipunguza, mkono ukatulia. Kama kuna neno moja katika barua hii ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila kibanda cha chai jijini, ni hilo.

Tuje kwenye mapumziko, ambayo sisikii yakitajwa. Kwetu hakuna anayevutia ndani. Kuna vumbi la mbao, tina ya kuzimulia rangi na vanishi, na Gikomba imeungua mara nyingi mno; moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kwa hiyo mvutaji hutoka nje, husimama upande wa mtoni, hunyoosha mgongo, huzungumza na mwenzake. Hakuna anayemuuliza amesimama kwa nini, jibu liko mkononi mwake. Asiyevuta akisimama hivyo huitwa mvivu. Kijana anayejifunza kazi hulielewa hilo haraka sana, na nina hakika vijana wengi huwashia yao ya kwanza hapo nje, wakitafuta dakika tano za kupumua. Ukimwondolea mtu sigara umemwondolea na ruhusa yake ya kupumzika, na mgongo wake hautakubali.

Tulizungumza na mwenye karakana. Ni mtu mkali lakini anasikia. Sasa saa nne na saa tisa mashine huzimwa na watu wote hutoka, anayevuta na asiyevuta. Kazi haikupungua. Hamu ya sigara huja kwa wimbi la dakika chache kisha hushuka, na dakika hizo ni rahisi kuzipitisha ukiwa umekaa na watu wanaokula njugu kuliko ukiwa peke yako umeinamia msasa. Kwangu mimi, mapumziko hayo yamefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia juu ya sigara. Hamu bado inanijia, hasa jioni za malipo. Sijavuta tangu mvua ya masika.

Wazee wenzangu huniambia kwa umri wetu uharibifu umeshafanyika, ya nini kujitesa. Hapana. Daktari Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, na matokeo ya nusu karne nzima yakachapishwa mwaka 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea takriban miaka 3 ya kuishi, aliyeacha akiwa na 50 miaka 6, aliyeacha akiwa na 40 miaka 9. Miaka 6 inatosha kumwona mtoto wa mwisho akimaliza sekondari na kujifunza kazi. Mwaka mmoja tu bila sigara hupunguza kwa nusu ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo. Ninawaambia hivyo kila wiki, na nitaendelea kuwaambia.

Kliniki ninayokwenda kupimwa presha imenipima miaka yote hii, na hakuna siku niliyoulizwa kama ninavuta. Mwongozo ule wa mwaka 2024 unawataka wahudumu wa afya wamuulize na kumshauri kila mtumiaji wa tumbaku, ushauri wa nusu dakika hadi dakika tatu. Huo ni muda mfupi kuliko wa kusubiri mashine ijae hewa mkononi.

Na pesa za dawa zina pa kutoka. Kanuni zilezile za mwaka 2014 zinawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwa Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku. Naomba gazeti lifuatilie jambo hilo moja: sehemu ya fedha hizo inunue chingamu za nikotini, ziwekwe katika zahanati za Kamukunji, eneo lilipo soko letu, na mitaa mingine ya mafundi wa jua kali, zikatwe kwa mkasi zile chache anazoweza mtu kwa siku hiyo, mahali ambapo fundi anaweza kufika saa ya chakula cha mchana na kurudi kabla gundi haijakauka.

Fundi wa mbao,
Gikomba, Nairobi