Kabla Hujamsaidia, Mtazame Kwanza

Siku yangu ya kwanza katika darasa la Montessori, ambako mtoto hujichagulia kazi na kujifunza kwa mikono yake, nilipewa kiti kidogo pembeni na kuambiwa nisiinuke mpaka saa nzima ipite. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasa la kawaida, nimezoea kusimama mbele na kusikika mpaka nje. Watoto zaidi ya 20, wa miaka 3 hadi 6, waliingia mmoja mmoja. Huyu alitandika mkeka wake sakafuni, yule akashusha trei kutoka kwenye rafu iliyo usawa wa kifua chake, na hakuna aliyewaambia waanze.

Karibu na miguu yangu aliketi mtoto wa miaka mitatu na fremu ya vifungo. Ni fremu ya mbao yenye vipande viwili vya kitambaa, kimoja kina vifungo vikubwa, kingine kina matundu yake. Alisukuma kifungo, kikakwama nusu ndani nusu nje. Akakivuta, akakisukuma tena. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha. Ningeinama tu na kumalizia, sekunde mbili! Alihangaika dakika kadhaa, mdomo wazi, mpaka kifungo kikapita. Hakugeuka kunitafuta wala kutafuta makofi. Alikifungua, akaanza upya.

Nimefundisha miaka mingi tangu siku hiyo, na wazazi wakiniuliza waanzie wapi, jibu langu ni hilohilo: jifunze kutofautisha mtoto aliyekwama na mtoto anayefanya kazi. Kwa nje wanafanana. Wote wawili wanakunja uso, wanapumua kwa nguvu, hata kunung'unika. Tazama macho. Anayefanya kazi macho yake yako kwenye kitu. Aliyekwama kweli huinua kichwa, hutafuta mtu, au huanza kukipiga kitu chini na kuzungushazungusha macho chumbani. Huyo msogelee. Yule wa kwanza mwache, hata kama unaona anakosea, maana ukimwingilia umemnyang'anya kazi iliyokuwa karibu kuiva.

Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua shule yake ya kwanza, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Ameandika kuhusu binti wa miaka kama mitatu aliyekuwa akichomoa silinda za mbao kwenye matundu yake na kuzirudisha. Aliwaambia watoto wengine waimbe, kisha akamnyanyua binti huyo pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Binti alikumbatia kifaa chake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, ametulia na mwenye furaha. Nilipoisoma habari hiyo niliona imetiwa chumvi. Sasa nimeshawaona watoto wa namna hiyo kwa macho yangu, na kila ninapomwona mmoja natembea kwa ncha za vidole.

Silinda hizo zina siri moja ambayo ningependa kila mzazi aijue. Kibao kimoja kina silinda 10 na matundu 10. Ukiweka nyembamba kwenye tundu pana, inaingia vizuri, lakini mwishoni utabaki na silinda moja isiyo na pa kwenda. Kifaa chenyewe kimemwambia mtoto kuna kosa, bila kumwaibisha. Hapo ndipo watu wazima tunapoharibu. Mtoto ameshaanza kujiuliza, nasi tunadakia: "Hapana, siyo hiyo!" Ukinyamaza, utamwona anarudi nyuma silinda moja moja mpaka anaikuta iliyopotea njia.

Nami nimeharibu, tena kwa sifa. Binti mmoja alikuwa akijenga mnara wa waridi, ule wa michemraba 10 ya mbao, mkubwa ukiwa na sentimita 10 kila upande na mdogo kabisa sentimita 1. Alikuwa ameileta mkekani mmoja mmoja, safari kumi, kama inavyotakiwa, ili mikono na mgongo wake vionje tofauti ya uzito. Alipofika mchemraba wa sita nikasema, "Vizuri sana!" Akageuka. Aliweka wa saba, akaniangalia. Wa nane hakuuweka kabisa, alikuja kunisimulia habari nyingine. Nilimwona akiondoka kwenye kazi yake kwa sababu yangu, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Siku hizi nikitaka kusema neno nangoja amalize, kisha nasema nilichokiona tu: "Umeujenga wote, mpaka mchemraba mdogo."

Kuhusu maji. Watoto wetu humimina kutoka jagi la kioo, na wageni hushtuka. Kioo kinavunjika, ndiyo, na mtoto anapolijua hilo mwendo wake hubadilika. Anashika kwa mikono miwili, anatembea kama amebeba yai. Kikivunjika, vipande huokota mtu mzima, na hakuna anayegombezwa. Ukitaka kujaribu nyumbani, weka kwenye jagi maji yanayotosha bilauri moja tu, na kando yake kitambaa cha kufutia. Kitambaa hicho usikisahau. Mtoto anayejua namna ya kufuta maji haogopi kuyamwaga, na asiyeogopa hamwagi sana.

Kwenye herufi, sisi tunaozungumza Kiswahili tumebarikiwa, kwa kuwa kwa sehemu kubwa tunaandika kama tunavyotamka. Herufi za msasa hubandikwa kwenye vibao. Mtoto huipitisha ncha ya vidole juu ya herufi kwa mwelekeo uleule wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Sauti, siyo jina: "mmm", wala siyo "em". Huwa natoa mbili au tatu zisizofanana. "Hii ni mmm." Baadaye, "Nionyeshe mmm." Mwisho kabisa, "Hii ni nini?" Akikosea hapo, simsahihishi. Ninajua nimeharakisha, nafunga somo kwa upole na kurudi siku nyingine. Wengi huandika neno kwa kupanga herufi za kuhamishika kabla hawajaweza kulisoma. Mmoja alipanga "mama", akanyamaza akilitazama, halafu akalisoma kwa sauti, polepole, kama mtu aliyepokea barua.

Msinielewe vibaya kwamba mtoto aachiwe kila kitu. Anayempiga mwenzake, anayerusha vifaa, anayejihatarisha, huyo anasimamishwa hapo hapo, bila kelele. Kungoja ni kwa ajili ya mtoto aliye kazini.

Wazazi wengi huja wakitaka orodha ya vifaa vya kununua. Nawaambia wasinunue kwanza. Punguzeni vitu vilivyo rafuni. Shusheni kulabu ya nguo ifikiwe na mtoto, mtafutieni ufagio unaolingana na kimo chake, na asubuhi anzeni dakika kumi mapema ili avae viatu mwenyewe. Dakika kumi hizo ndizo ngumu kupatikana, nalijua hilo, lakini hakuna kifaa kinachoweza kuziba pengo lake.

Katika darasa letu mtoto anaruhusiwa kutazama kazi ya mwenzake, mradi mikono yake iwe nyuma. Wiki iliyopita mdogo mmoja alikuwa akipigana na zipu ya koti wakati wa kwenda nje. Wenzake walikuwa wameshapanga mstari. Mkubwa wa miaka mitano alitoka mstarini, akasimama mbele yake, mikono nyuma, akatazama zipu muda mrefu. Kisha akauliza, "Nikusaidie?"

"Hapana."

Akakaa chini kando yake, akangoja.